Mlevi: Mgonjwa au Mkosaji?



Wapendwa wasikilizaji, Dominika moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alibaki nyuma akingoja watu watawanyike. Kisha akanisogelea, akaniuliza: "Baba Padre, mume wangu ni mgonjwa, au ni mtu wa dhambi tu? Nikilijua hilo, nitajua la kufanya." Mume huyo alikuwa fundi seremala hodari. Randa na misumeno yake vilikwisha kuuzwa kimoja baada ya kingine, fedha zikaishia kilabuni. Mara tatu alikuwa ameapa mbele ya watoto wake kwamba hatagusa pombe tena, na mara zote tatu aliapa kwa moyo wa kweli. Hilo ndilo lililomtesa mama yule. Angekuwa mwongo, mambo yangekuwa mepesi.

Sikumjibu siku ile, kwa kuwa sikuwa na jibu. Leo napenda tulitazame swali lake pamoja.

Si swali jipya. Mwaka 1784 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia, mmoja wa watu waliotia sahihi Tamko la Uhuru wa Marekani, aliandika juu ya madhara ya pombe kali, akaufananisha ulevi na maradhi. Mwaka 1804 Thomas Trotter, aliyekuwa daktari katika jeshi la majini la Uingereza, alitoa kitabu alimouita ulevi wa mazoea ugonjwa wa akili. Mwaka 1956 chama cha madaktari wa Marekani kilizitaka hospitali ziwapokee walevi kama zinavyowapokea wagonjwa wengine. Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu mwaka 2022, linautaja utumwa wa pombe na kueleza dalili zake: mtu hawezi tena kujizuia anapoanza kunywa, pombe inatangulia chakula, kazi na watoto, mwili wenyewe unaidai.

Hata hivyo wanasheria hawakukubali upesi. Nchini Marekani, askari wawili wa zamani waliokuwa wameshinda ulevi waliomba waongezewe muda wa kupata msaada wa masomo, wakisema miaka yao ilipotea katika ugonjwa. Mmoja wao alikuwa ameanza kunywa akiwa na umri wa miaka minane au tisa. Serikali ilijibu kwamba ulevi wao ulikuwa kosa la makusudi. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliipa serikali ushindi kwa kura nne dhidi ya tatu, huku ikisema kwamba haiamui kama ulevi ni ugonjwa au sivyo. Mwaka huohuo Bunge likaibadili sheria. Mtoto wa miaka minane, wapendwa! Ni nani kati yetu angethubutu kumwambia kwamba alifanya makusudi?

Basi, ni nini hutokea mwilini? Pombe huzipooza neva za ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujifunza kusukuma upande wa pili ili usizimike. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akiondoka ghafla, mwenzake huanguka kifudifudi. Ndivyo ilivyo kwa mlevi wa miaka mingi anapoacha kwa siku moja. Mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi humkimbia. Wengine hupatwa na kifafa, huweweseka na kuona visivyokuwapo, na wengine hufa. Yule seremala alivunja kiapo chake siku ya pili au ya tatu, wakati mateso haya yanapokuwa makali kuliko yote. Tena wataalamu waliochunguza mapacha wameona kwamba karibu nusu ya tofauti ya hatari hii kati ya mtu na mtu hutokana na urithi wa damu. Hakuna anayezaliwa mlevi; lakini wawili wanaweza kunywa mbege kwenye sherehe moja, mmoja akarudi shambani kwake asubuhi, mwingine akapotea.

Najua wengi mtapinga. Hakuna mtu anayenunua malaria kwa fedha yake, mtasema, wala kuiagiza kwa kibuyu. Ni kweli. Tena wapo walevi ambao wakisikia neno "ugonjwa" hulivaa kama koti la mvua, lawama zisiwafikie. Mtu anayelewa mara moja kwa mwezi, akarudi nyumbani kumpiga mkewe, huyo simwiti mgonjwa. Lakini mfikirieni mwenye kisukari cha ukubwani. Mara nyingi ulaji wake umechangia, na bila utashi wake hatapata nafuu. Je, twamnyima dawa? Twamwambia "jitawale" na kumfungia mlango? La. Twampa dawa, na papo hapo twamwondolea soda mezani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba hatia ya tendo yaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya mazoea na mengineyo yanayoufunga utashi. Haisemi kwamba tendo limekuwa jema. Na wale walevi waliounda chama cha kusaidiana huko Akron, Marekani, mwaka 1935, hukiri kwamba hawana nguvu mbele ya pombe. Lakini haohao hujitakia kuandika majina ya watu waliowadhuru na kuwaendea kuwalipa fidia. Wanaokiri ugonjwa wao kwa sauti kubwa zaidi ndio wasioukimbia wajibu.

Mama yule alirudi baada ya majuma mawili. Nikamwambia: "Mumeo ni mgonjwa, mama, na matibabu ni wajibu wake. Usimlipie tena deni la kilabuni. Wala usimfungie ndani ili aache kwa ghafla, maana anaweza kufa mikononi mwako. Mpeleke kwa daktari, na useme kweli yote, anakunywa kiasi gani na tangu lini."

"Na watoto niwaambie nini, Baba?"

"Waambie baba yao anaumwa, na kwamba si wao waliomletea ugonjwa huo."

Jumatatu walipanda basi la alfajiri kwenda hospitali ya wilaya, wote wawili. Mama alibeba mashuka mawili, na uji katika chupa ya chai.