Chakula cha Mwaka Mmoja Ndani ya Nyumba: Hukumu ya Akiba, Ulanguzi na Magoma



Ndugu zetu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi, Liuli hadi Mbamba Bay, wametuuliza swali ambalo limekuwa likirudi kila bei za vitu zinapopanda: ikiwa uchumi utaanguka, biashara zikasimama na fedha ikakosa thamani, Muislamu aiandae vipi nyumba yake? Je, kuweka magunia ya mahindi ndani ni upungufu wa tawakkul? Na je, hakuingii katika ulanguzi uliokatazwa?

Jibu kwa ufupi: kuweka chakula cha familia kwa mwaka ni jambo linalojuzu, na lina msingi katika mwenendo wa Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam). Kinachokatazwa ni kuwafungia watu chakula ili wanunue kwa dhiki. Na adui wa kwanza wa akiba kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga ni magoma. Ufafanuzi ni huu ufuatao.

Akiba haipingani na tawakkul

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Umar bin Al-Khattab (Radhiya Allahu anhu) kwamba Mtume alikuwa akiwawekea ahli zake chakula chao cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Hakuna aliyemtegemea Mola wake kuliko yeye, na hata hivyo aliweka. Na katika Surat Yusuf tunasoma jinsi Nabii Yusuf (Alayhis salaam) alivyowaelekeza watu wa Misri walime miaka saba, wale kidogo na wahifadhi kilichobaki kwa ajili ya miaka saba ya shida, na wabakize pia kiasi cha kuhifadhi. Mkulima anajua maana ya hilo la mwisho: nyumba iliyokula mbegu yake imekula mavuno ya mwaka ujao.

Uchumi huangukia nyumba kwa njia tatu

Wengi wakisikia kuanguka kwa uchumi hufikiria jambo la mbali. Lakini watu wa eneo hili na majirani zao wameshayaona, na yalikuja kwa sura tatu tofauti.

Ya kwanza ni bei ya zao kuanguka. Mwaka 1989 mfumo wa kugawana viwango vya kuuza kahawa duniani ulivunjika, na bei ikaporomoka. Katika miaka ya 1990 chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, ambacho wakulima walikitegemea kwa pembejeo za mkopo na kuuza kahawa yao, kikaanguka pia. Shamba lilikuwepo na kahawa ilikuwepo, bei haikuwepo. Sisi wa Zanzibar tunalijua hili kwa karafuu: Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ilipopanda karafuu zake yenyewe, bei yetu ilianguka katika miaka ya 1980.

Ya pili ni bidhaa kutoweka. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania ilipita katika miaka ya foleni. Sukari, sabuni, mafuta na nguo vilikuwa vya kutafutwa, na mwaka 1983 Serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi. Fedha mtu alikuwa nayo mkononi, cha kununua hakikuwepo.

Ya tatu ni fedha yenyewe kupoteza thamani. Hili limetokea ng'ambo ya ziwa. Mwezi wa Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, na dola iliyokuwa karibu kwacha 1,180 ikawa kwacha 1,700 kwa siku moja. Aliyeweka noti chini ya godoro aliamka nazo zote, lakini hazikununua tena kile zilichonunua jana.

Ukizitazama sura hizi tatu utaona kwamba chakula kilichomo ghalani husaidia katika zote. Ndiyo maana tunasema chakula kwanza, kisha fedha.

Mpaka kati ya akiba na ulanguzi

Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume ameeleza kuwa mwenye kuhodhi chakula ni mkosaji. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamefafanua kwamba makusudio ni yule anayenunua chakula wakati wa uhaba, akakizuia ili bei ipande zaidi huku watu wana haja nacho. Aliyeweka mazao ya shamba lake kwa ajili ya watoto wake hayumo.

Imam Nawawi amenukuu ufafanuzi muhimu kutoka kwa Qadhi Iyadh kwa mwenye kununua sokoni. Wakati wa neema, anunue hata cha mwaka. Wakati wa dhiki, achukue kisichowabana watu, kama cha siku kadhaa au mwezi. Kwa hiyo wakati wa kuandaa nyumba ni Juni na Julai mahindi yanapovunwa na bei iko chini. Anayekimbilia soko Februari akabeba magunia kumi kwa hofu anawaongezea wenzake njaa.

Magoma

Watu wa Mbinga hawahitaji kuelezwa magoma ni nini. Mkulima huishiwa mwezi wa Januari au Februari, huchukua fedha, mahindi au mbolea, na hulipa kwa kahawa wakati wa mavuno kwa bei duni aliyoiweka mkopeshaji. Kahawa ikishakwenda kulipa, hana fedha za msimu unaofuata, na Januari anarudi mlango ule ule.

Kisheria kuna sura mbili za magoma, na zote ni haramu. Ikiwa ameuza kahawa ya miti yake ingali maua au mbichi, ameingia katika makatazo ya Mtume ya kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, yaliyomo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa amekopeshwa kwa sharti la kurudisha zaidi ya alichochukua, hiyo ni riba, hata ikilipwa kwa debe la kahawa.

Njia ya halali ipo, nayo ni salam: mnunuzi anatoa bei yote papo hapo, kwa kahawa ya sifa zinazojulikana, kipimo kinachojulikana na tarehe inayojulikana, bila kufungwa na miti ya shamba fulani, na kwa bei ambayo wamekubaliana bila dhulma. Aliyekwisha kukopesha kwa magoma atubie na achukue rasilimali yake tu. Na wenye uwezo katika misikiti ya huko waanzishe mfuko wa mkopo mwema wa miezi ya njaa, kwani magunia machache tu yanaweza kuokoa kahawa ya nyumba nyingi.

Hatua za kufanya

1. Piga hesabu. Mtu mzima anayekula gramu 300 za nafaka kwa siku anahitaji takriban kilo 110 kwa mwaka. Zidisha kwa watu wa nyumba yako, ongeza maharage, na usiuze kilichomo ndani ya hesabu hiyo.

2. Toa zaka siku ya mavuno. Nafaka ikifika nisabu, nayo ni wasaki tano, ambazo wengi wanazikadiria kuwa karibu kilo 650, na ikiwa imenyeshewa na mvua, ni sehemu moja katika kumi. Ukishatoa, chakula ulichokiweka kula hakidaiwi zaka tena mwaka unaofuata.

3. Kausha vizuri. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji, na yatakuletea sumukuvu. Yakikauka, yapukuchue na uyafunge katika mifuko isiyopitisha hewa, ile inayoitwa ya kinga njaa, ili dumuzi afe humo.

4. Watu wa ziwani, msitegemee samaki pekee. Usipa uliokauka na muhogo ni akiba nzuri, lakini muhogo mchungu usifupishiwe siku za kulowekwa hata kama njaa imebana. Mwaka 1981, huko Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu kwa sumu ya muhogo ambao haukuandaliwa ipasavyo.

5. Lindeni ngoro. Wamatengo walipobanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, waliishi kwa kulima miteremko: majani yanalazwa kwa mistari ya miraba, udongo wa katikati unafukuliwa kuyafunika, na shimo linashika maji. Maharage, kisha mahindi, bila mbolea ya dukani. Msing'oe ngoro yote kwa ajili ya kahawa.

Nyumba haiokoki peke yake

Mtume aliwasifu Al-Ash'ariyyin kwa sababu chakula chao kilipopungua walikusanya walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawa kwa chombo kimoja, na akawahesabu kuwa ni katika yeye na yeye ni katika wao. Wazee wa Kimatengo nao walikuwa na sengu, ukoo ukila pamoja kwa mzee, kila nyumba ikileta chungu chake, na mambo ya ukoo yakizungumzwa hapo hapo. Mila kama hii sheria haiifuti. Muislamu wa huko jirani zake wengi ni Wakristo, na haki ya jirani inawahusu nao pia. Mwenye ghala lililojaa katikati ya kijiji chenye njaa hatalala kwa amani, si kwa hofu ya wezi tu, bali kwa hofu ya hesabu ya Siku ya Kiyama.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki mvua za Ruvuma na mavuno yake, awaepushe ndugu zetu na madeni ya dhulma, na atujaalie tuwe wenye kuandaa na wenye kutoa. Wabillahi tawfiq.