Gita ya Oda Imetoka Mbovu? Toa Tepu Kabla Utoe Matusi

Wasee wa Thika na Ruiru mnajua hii maisha ya mugithi. Msee mmoja, gita moja, spika mbili, na klabu nzima imeshikana viuno kama treni mpaka che. Kwa hii kazi gita ndio ofisi. Ndio maana mwaka jana nilichoka kuazima ya mabeshte nikaoda yangu kwa fundi mmoja huku Makongeni.

Tulikubaliana 25,000. Nikatuma dipoziti ya 15,000 kwa M-Pesa, zile 10,000 nikamalizia siku ya kuchukua. Na hizo si doo za kuokota. Mimi ni mwandishi niliyeacha chuo, hapo ni miezi mitano ya kula githeri bila ovakado.

Gita ilikuwa inawaka vanishi. Kupiga kamba wazi, safi. Nikalipa, nikapanda mat. Kufika keja nikapiga noti za juu shingoni, wololo, ni kama paka amekanyagwa mkia. Na Jumamosi nilikuwa na kazi ya ruracio Ruiru.

Kitu ya kwanza nilitaka ni kuposti sura ya fundi kila mahali. Lakini kuna beshte yangu hurekebisha gita, akaniuliza swali moja: "Imekosea wapi, na kwa milimita ngapi?" Nikanyamaza. Ukimwambia fundi "haisikiki poa," atakwambia masikio yako ndio mabaya. Ukimwonyesha namba, mnaongea kitu moja.

Basi toa tepu. Freti ya 12 inafaa kukaa katikati kabisa ya kamba. Pima kutoka kile kidude cha juu ambapo kamba zinaanzia mpaka freti ya 12, halafu kutoka hapo mpaka pale kamba inakanyaga briji. Kama nusu ya juu ni milimita 324, ya chini inafaa kuwa 324 na kaziada kama 2 mpaka 4, juu ukikandamiza kamba unaivuta na sauti inapanda kidogo. Yangu ilikuwa 324 juu, 316 chini. Fundi alibandika briji karibu sana na shimo, ndio maana kila noti ya juu ilikuwa inapaa.

Huna tepu? Tumia simu. Weka programu ya kutyuni, piga kamba wazi, halafu piga hiyo kamba kwa freti ya 12. Lazima iwe noti ile ile, ngazi moja juu. Sindano ikikimbia kando kwa kamba zote, shida iko.

Sasa ujue unapigana na kasoro gani, kwa sababu hazilingani.

Kasoro za kurekebishika: kamba zikiwa juu sana mpaka vidole vinatoka damu, hiyo ni kusugua tu. Kwa freti ya 12, nafasi ya milimita 2 mpaka 3 chini ya kamba inatosha wengi. Briji ikikosea mahali, inabanduliwa na kubandikwa tena. Hapa mpe fundi nafasi airekebishe, bure.

Kasoro za kurudisha gita: mbao haikukauka vizuri, na sasa kifua kinapasuka au maungio yanaachana. Shingo imejisokota kama taulo. Freti zenyewe zimepigwa mahali si pake, hadi ubao wote wa shingo ung'olewe. Hapo usikubali gundi juu ya gundi. Itisha doo yako au gita ingine.

Kama chombo chako ni nyatiti, sahau mambo ya freti, haina. Angalia ngozi kama imevutwa sawa bila kulegea, na kama zile kamba nane zinashika tyuni ama zinateleza kila baada ya wimbo.

Nilirudi Makongeni Alhamisi. Mzee akacheka. "Kijana wangu, hiyo ni mbao mpya, itatulia tu."

"Sawa mzee, lakini hebu shika hii tepu upime mwenyewe."

Akapima. Akapima tena. Akavua miwani akaipangusa, akapima mara ya tatu. Halafu akaniambia nilete kiti nikae. Tukakubaliana atasogeza briji bila malipo, na nikamtumia kwa WhatsApp vile tumeongea, tarehe ikiwa ndani. Akajibu "sawa." Hiyo "sawa" ni ushahidi, kama vile meseji za M-Pesa. Usizifute.

Na fundi akikuzima simu je? Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na fidia ukipata hasara. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 pia inachukulia kwamba kila anayekuuzia kitu ama huduma ameahidi ubora wa kuridhisha, hata kama hakuandika. Mlango wa kupeleka hiyo kesi ni Mahakama ya Madai Madogo, na Thika iko. Inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60 tangu ufungue kesi, na unaweza kujisimamia bila wakili. Beba picha, vipimo, meseji za pesa na mazungumzo yenu. Lakini anza na barua ama meseji yenye tarehe ukimpa muda wa kurekebisha. Ukimtukana mtandaoni kwanza, unaweza kujikuta wewe ndio unashtakiwa kwa kumharibia jina.

Kosa langu lilikuwa kulipa 10,000 za mwisho kwa sababu ya vanishi. Siku hizi nikienda kuchukua chombo, tepu iko mfukoni na salio liko kwa simu mpaka nipige freti ya 12.

Ile Jumamosi ya Ruiru niliazima gita tena, na nusu ya malipo ikaenda kwa mwenyewe. Yangu ilikuwa tayari wiki iliyofuata. Noti za juu zimekaa. Pale briji ya kwanza ilikuwa kumebaki alama nyeupe kwa vanishi. Mzee alitaka kuipaka rangi, nikamwambia aiache.