Robby Kasingiziwa: Namna ya Kusoma Bango la Sinema ya Zamani



Leo naomba niwatoe kidogo kwenye siasa na sarufi, niwapeleke ukutani. Kwenye chumba changu cha kusomea limetundikwa bango la Forbidden Planet, sinema ya kubuni ya kisayansi iliyotolewa na kampuni ya MGM mwaka 1956. Wengi wenu mmeliona hata kama filamu yenyewe hamjaiona, maana limechapwa tena na tena kwenye fulana, vikombe na kadi. Roboti mkubwa wa rangi ya giza kasimama katikati, kambeba msichana wa nywele za dhahabu aliyezimia, miguu inaning'inia. Nyuma yao kuna anga ya ulimwengu mwingine. Chini, jina la filamu kwa herufi kubwa zinazokujia usoni.

Kwa miaka kama tisa hivi nimekuwa nikiwaeleza wageni: "Huyu ni roboti aliyemteka binti wa mwanasayansi." Nasema kwa sauti ile ya darasani, si mnaijua. Sasa mwaka huu binti yangu alikuja likizo, tukakaa tukaitazama filamu mwanzo hadi mwisho. Ilipokwisha akanigeukia: "Baba, mbona hakuna mahali roboti anambeba yule msichana?"

Nikanyamaza. Kwa kweli filamu ile nilikuwa nimeiona mara moja tu, enzi za uanafunzi, nusu nasinzia. Mengine yote nilikuwa nikiyasoma kwenye bango. Msomi mzima, tena na udaktari wangu! Ndiyo maana naandika haya, kwa faida ya wengine na kama toba yangu kwa Robby.

Robby ni nani hasa? Ndani ya filamu ni mtumishi mpole kuliko wote. Anapika, anashona, anazungumza kwa adabu. Mpishi wa chombo cha anga anapomwonjesha pombe kidogo, Robby anaichambua tumboni mwake na kumtengenezea galoni 60 za namna ile ile. La muhimu zaidi, ameundwa asiweze kumdhuru binadamu. Bwana wake, Dk. Morbius, anamwamuru ampige risasi nahodha mgeni ili kuonyesha jambo hilo. Robby anaganda, cheche zinamtoka kichwani, mpaka amri inapofutwa. Kubeba kupo, lakini anayebebwa ni daktari wa chombo aliyeumia, na Robby anamleta ndani ili asaidiwe. Mchoraji kachukua tendo la huruma, kamwondoa mwanamume mgonjwa, kamweka msichana mrembo, na tendo limegeuka kuwa utekaji.

Kwa nini? Hapa ndipo bango linapotaka kusomwa kwa akili, kwa sababu si dirisha la kuchungulia filamu. Bango ni maneno ya mwuzaji kwa mpita njia. Siku hizo mpita njia wa Marekani alikuwa adimu kidogo, kwani televisheni ilikuwa imeingia majumbani na watu walikuwa wakibaki sebuleni. Wenye sinema walijibu kwa rangi na kwa pazia pana lililoitwa CinemaScope, lililoanza kutumika mwaka 1953. Bango likapewa kazi ya kumsimamisha mtu kwa sekunde mbili tatu. Roboti mwenye adabu hamsimamishi mtu, lakini roboti na msichana aliyezimia atamsimamisha.

Tena umbo hilo halikuanzia kwa Robby. Tangu King Kong wa 1933, mwanamke mikononi mwa dubwana ni kama muhuri wa biashara hii. Mwaka 1951 bango la The Day the Earth Stood Still lilimwonyesha roboti Gort akiwa na mwanamke mikononi. Gort kweli anambeba ndani ya filamu, ila ni baada ya mwanamke huyo kumfikishia ujumbe wa bwana wake kwa ujasiri mkubwa. Kwenye bango ujasiri umefutwa, umebaki mzigo. Binti yangu ndiye aliyenionyesha hili pia, nami sikuwa na la kumjibu.

Mfano mwingine ni wa Reynold Brown, mmoja wa wachoraji mahodari wa kazi hii, aliyechora bango la Attack of the 50 Foot Woman mwaka 1958. Mwanamke mrefu kama ghorofa kapanua miguu juu ya barabara kuu, anaokota magari kama mtoto anayeokota kokoto. Ni picha kali sana! Ukitazama filamu barabara hiyo huioni, na magari hayo huyaoni. Fedha iliyotumika kuitengeneza ilikuwa kama dola 88,000 tu, na mambo ya namna ile yasingewezekana. Brown alikuwa na rangi na karatasi, na kwenye karatasi jitu la futi 50 halina gharama kuliko la futi tano.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Kampuni ya American International Pictures ilizoea kubuni jina na bango kwanza, ikishapima kama wenye majumba ya sinema wamevutiwa, ndipo filamu itengenezwe. Bango, ambalo mara nyingi lilikuwa la mchoraji Albert Kallis, likawa ndilo asili, na filamu ikajitahidi kulifuata. Kwa hiyo tukisema bango "limedanganya" tuwe waangalifu kidogo. Wakati mwingine bango ndilo lililotangulia na filamu ndiyo iliyoshindwa kutimiza ahadi.

Baada ya kuumbuliwa na binti yangu, nikaona nilikague bango langu vizuri. Bango la kawaida la Marekani la miaka ile lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41. Lilisafirishwa likiwa limekunjwa, hivyo mabango mengi ya asili yana alama za mikunjo, mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama. Pembeni chini kwa kawaida utakuta tarakimu mbili za mwaka, mkwaju, kisha namba ya toleo, kwa sababu kuanzia mwaka 1940 shirika la National Screen Service ndilo lililoyasambaza mabango mengi. Majumba ya sinema yalitakiwa kuyarudisha, yakazunguka mji hadi mji mpaka yakachakaa, ndiyo maana yaliyosalia ni machache na bei zake ni za kutisha. Bango moja la Metropolis, filamu ya Fritz Lang ya 1927, liliuzwa London mwaka 2005 kwa dola 690,000.

Nikachukua futi. Langu lilikuwa inchi 24 kwa 36. Mkunjo hata mmoja hakuna. Kumbe ni nakala ya juzijuzi, na muuzaji mmoja alinihakikishia ni la asili nami nikaamini bila kupima. Bei naomba msiniulize.

Sasa basi, baada ya kudanganywa mara mbili na karatasi moja, kwa nini sijalitoa ukutani?

Kwa sababu nimeanza kuliuliza swali ninalodhani ndilo la msingi: bango hili limemficha nani? Jibu lake limenigusa kuliko nilivyotegemea. Limemficha Dk. Morbius, ambaye ndiye kiini cha filamu nzima. Na Morbius si mwanasayansi wa maabara kama nilivyokuwa nikiwaambia wageni. Ni mtaalamu wa lugha! Amekaa miaka 20 kwenye sayari ya nyota Altair (jina la Kiarabu hilo, at-ta'ir, arukaye), akisoma maandishi ya viumbe waitwao Krell waliokwisha kutoweka. Wenzake walipopiga kura kurudi nyumbani, walikufa mmoja mmoja, na yeye akabaki na mkewe, baadaye na binti tu. Chombo kinapofika kuwachukua, anasema hana haja ya kurudi, kazi yake haijaisha.

Zimwi linaloua watu halionekani kwa macho, na silaha hazilifai kitu. Mwishoni tunajua limetoka wapi: ni hasira ya Morbius mwenyewe, iliyopewa mwili na mitambo ya Krell wakati yeye amelala. Anamwamuru Robby aliue, Robby anaganda tena. Roboti ametambua alichokuwa akikikataa msomi, kwamba kuliua zimwi ni kumwua bwana wake.

Wanaoijua Tufani, tafsiri ya S. S. Mushi ya tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1969, watakuwa wameshamtambua Prospero na kisiwa chake. Lakini Prospero anavunja fimbo yake na kurejea kwao. Morbius anakufa palepale, na anayeongoza chombo kurudi duniani, msichana akiwa ndani salama, ni Robby yule yule aliyesingiziwa.

Ndugu zangu, sisi tunaokaa ugenini na vitabu vyetu, tunaosema kila mwaka kwamba kazi haijaisha, tusijifanye hatumjui Morbius. MGM wasingeweza kuuza tiketi kwa picha ya mzee wa lugha anayekataa kusikia habari za nyumbani. Wakatuwekea roboti na msichana, na mimi nikatazama walichotaka nitazame kwa miaka tisa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi. Bango la zamani lipende kwa rangi zake, herufi zake na ujuzi wa mkono uliolichora, ujuzi ambao haukuwa mdogo. Kisha itazame filamu yenyewe, uviweke viwili hivyo ubavu kwa ubavu. Kilichoongezwa kitakuambia walionunua tiketi walitamani na kuogopa nini. Kilichoondolewa ndicho mara nyingi kinachofaa kukaa nacho usiku. Na futi iwe mfukoni kabla ya pesa kutoka.

Nakala yangu bado iko ukutani. Mgeni akiuliza, siku hizi namjibu: "Huyu ni Robby, hakumteka mtu. Mwenye makosa hayupo kwenye picha."

Nawasilisha.