Twende Kisite tukaone samaki: Usiogope maji, ogopa kukanyaga

KAMA ulikulia Nairobi, Nakuru au Eldoret, huenda safari yako ya Pwani huwa ni ile ile kila Desemba. Unashuka kwenye SGR, unaenda ufuoni, unapanda ngamia, unakula viazi karai, unaingia majini hadi magotini, kisha unapiga picha hamsini. Jioni unawatumia wasee kwenye WhatsApp ujumbe kwamba umeogelea baharini.

Sema ukweli. Hukuogelea. Uliosha miguu.

Wengi wetu tuliambiwa kwamba kuvaa miwani ya majini na kutazama samaki ni mambo ya watalii kutoka Ulaya. Ilhali bahari hii ni yetu, na mojawapo ya sehemu nzuri zaidi za kuitazama kwa ndani iko Kwale, kusini kabisa mwa Pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Ni Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Unaweza kwenda na kurudi siku moja, hata kama hujui kuogelea. Ila kuna mambo ambayo lazima uyajue kabla hujaruka majini.

Safari inaanzia Shimoni, yapata kilomita 80 kutoka Mombasa. Ukivuka Likoni, panda matatu ya kuelekea Lunga Lunga, shuka kwenye njia panda ya Shimoni, halafu malizia kwa boda boda au matatu ndogo. Ukiwa tayari uko Diani, mambo ni rahisi zaidi, kwani waandalizi wengi wa safari huja kukuchukua hotelini asubuhi. Boti nyingi hung'oa nanga mapema, kabla jua halijawa kali na upepo haujaanza kuchafua maji.

Chagua msimu vizuri. Upepo wa kusi unapovuma, hasa kati ya Mei na Agosti, mawimbi huwa makubwa na maji huwa na ukungu. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia na unaona hadi chini. Watu wa huko hawaangalii kalenda pekee, wanaangalia pia mwezi. Muulize kapteni kama siku hiyo ni ya bamvua au maji mafu. Siku za bamvua maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na mkondo unaweza kukusukuma. Kwa mgeni, maji mafu ni afadhali.

Kuhusu doo, ada ya hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni. Beba kitambulisho chako, kwa sababu Mkenya hulipa ada ndogo kuliko mgeni na lazima uthibitishe. Chupa ya maji ya plastiki usiibebe. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yote ya hifadhi nchini. Beba ile chupa yako ya chuma unayoenda nayo gym.

Sasa, usimlipe mtu wa kwanza anayekukimbilia gatini. Muulize maswali matatu. Je, kuna jaketi la kuokoa maisha la kila abiria, na linakutosha? Je, kuna kiongozi atakayeingia majini pamoja nasi, au atabaki kwenye boti akichati? Je, bei hii inajumuisha ada ya KWS, vifaa na chakula cha mchana? Akianza kubabaika, shukuru kwa adabu, songa mbele. Bei ya chini zaidi si dili ikiwa jaketi lako limekatika mikanda.

Mkishaondoka Shimoni, mtapita kisiwa cha Wasini upande mmoja, na mbele yenu bahari itafunguka. Kama tumbo huwa linakusumbua, kaa katikati ya boti, tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, na usiinamie simu. Hapo ndipo huenda mkakutana na pomboo. Boti nzima itapiga kelele, kila mtu ameshika simu juu. Furahi, lakini usimshinikize kapteni awafukuze. Pomboo hupumzika na kunyonyesha watoto wao katika maji haya. Kapteni mzuri hupunguza mwendo na kuwaacha wao waamue kama watakuja. Wakiondoka, wameondoka.

Kisha boti inatia nanga kwenye boya, na moyo unaanza kudunda.

Nitakuambia ukweli, mara yangu ya kwanza nilitetemeka. Nilikuwa nimevaa jaketi, miwani imenibana usoni, bomba la kupumulia liko mdomoni, na bado akili ilikataa kuamini kwamba mtu anaweza kuweka uso majini na kuendelea kupumua. Nilivuta pumzi kwa pua kama kawaida, miwani ikanibana zaidi, nikameza maji ya chumvi. Nikapaniki. Nikatafuta mahali pa kusimama, nikapata. Chini ya mguu wangu kitu kikavunjika kama biskuti kavu.

Kiongozi wetu hakunigombeza. Alinishika mkono, akanivuta kwenye boya lake, akasubiri nitulie. Kisha akasema, "Dadangu, ukichoka nishike mimi. Hilo ulilokanyaga halirudi kesho."

Nimelibeba neno hilo hadi leo.

Unajua, nilidhani nimekanyaga jiwe. Tumbawe si jiwe, na wala si mmea. Ni maelfu ya wanyama wadogo wanaoishi pamoja na kujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao wamo miani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuyapa matumbawe rangi. Aina fulani, zile za mviringo kama ubongo, hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka. Tumbawe la ukubwa wa meza ya kahawa linaweza kuwa na umri kuliko nyanya yako. Wewe unalivunja kwa sekunde moja ukitafuta pozi.

Na tayari lina shida zake. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, matumbawe huwatoa wale miani na kubaki meupe kama mfupa. Hapo bado hayajafa, lakini yana njaa. Joto likishuka mapema yanaweza kupona, likikawia yanakufa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya Pwani ya Kenya na Bahari ya Hindi kwa jumla yalipauka na kufa. Mnamo Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo tena katika upaukaji mkubwa wa matumbawe, wa nne kurekodiwa. Wewe na mimi hatuwezi kupoza bahari mchana mmoja. Lakini mguu wetu tunaweza kuuinua.

Kwa hivyo, fanya hivi. Ukiwa bado kwenye boti, tema mate kidogo ndani ya kioo cha miwani, sugua, suuza. Itakuzuia kuona ukungu. Sukuma rasta zote nyuma, kwani unywele mmoja tu unapitisha maji. Shuka kwa ngazi, usiruke. Shika boya. Weka uso majini na upumue kwa mdomo tu, polepole, mara kumi, kabla hujaenda popote. Maji yakiingia kwenye bomba, puliza kwa nguvu mara moja. Ukichoka, geuka ulale chali. Jaketi litakubeba, na kiongozi yuko hapo. Ukiona hofu imezidi, rudi kwenye boti. Hakuna anayepewa medali hapa.

Halafu jua. Badala ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua mwili mzima kisha kuyaachia baharini, vaa tisheti ya mikono mirefu. Baadhi ya kemikali za mafuta hayo zinashukiwa kudhuru matumbawe, na Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia uuzaji wa yenye kemikali mbili kati ya hizo. Na ule mkate wa kurushia samaki, ule wewe mwenyewe. Samaki wana kazi yao ya kula mwani unaotaka kuyafunika matumbawe.

Ukishatulia, utaona. Kitatange wa manjano na nyeusi wawili wawili. Pono wa kijani na buluu akitafuna mwamba, na ukinyamaza utasikia meno yake yakikwaruza. Viti vya pweza vimelala mchangani. Ukibahatika, kasa atapita chini yako bila haraka yoyote, kama mzee anayetoka msikitini. Hapo ndipo utasahau kwamba ulikuwa ukiogopa.

Mchana, boti nyingi hutia nanga Wasini. Kisiwa hiki hakina magari. Utakula samaki, kaa na wali wa nazi, na wenyeji watakuonyesha bustani ya matumbawe ya kale iliyoachwa na bahari nchi kavu, ambako akina mama wa kisiwa wamejenga daraja la mbao na hutoza kiingilio kidogo. Lipa bila kubembeleza bei. Vaa kwa heshima pia, funga leso juu ya nguo ya kuogelea, maana umeingia kijijini mwa watu.

Zungumza na wenyeji. Katika eneo la Kisite uvuvi hauruhusiwi kabisa. Upande wa Mpunguti wavuvi hutumia njia za jadi kama mshipi na dema. Samaki wakizaliana salama ndani, wanatoka nje na kuingia kwenye mitego ya watu hawa. Wasini na kijiji jirani cha Mkwiro, wapo wanaopanda vipande vya matumbawe chini ya maji, kimoja kimoja, wakisubiri vikue. Mwamba ukifa, si Instagram yako itakayoumia. Ni sufuria zao.

Kwa hivyo likizo ijayo, wacha ngamia apumzike. Changeni na marafiki, ulizeni rada ya bahari, nendeni. Na ukiwa majini, moyo ukikudunda na mguu ukatafuta mahali pa kusimama, shika boya. Subiri. Pumua kwa mdomo.

Hofu itapita. Lile tumbawe, ukilivunja, wewe utalipata wapi?