Mchezaji Asiyeteuliwa na Nafasi Yake Kikosini: Mwongozo kwa Familia

Kila mwaka, mwezi Aprili, klabu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huteua wachezaji wapya kutoka vyuo vikuu. Uteuzi huo hufanyika kwa siku tatu na una raundi saba. Mwaka 2025 waliteuliwa wachezaji 257, yaani takriban wanane kwa kila klabu. Jina la mwisho likishasomwa, klabu huanza kuwapigia simu vijana ambao majina yao hayakutajwa, zikiwaalika watie saini. Hao ndio huitwa wachezaji wasioteuliwa, na makala hii inawahusu wao.

Tumeiandika kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani, ambazo kijana wao amepokea simu ya namna hiyo au anaitarajia. Simu hiyo ni heshima, kwa kuwa wachezaji wengi wa vyuo hawaipati kamwe. Hata hivyo, ndipo pia biashara inapoanza. Kijana huletewa mkataba, huandamwa na mawakala, hutakiwa kulipa ada za mazoezi, na hutokea mkopeshaji aliye tayari kumkopesha kwa matarajio ya mshahara ambao bado haujapatikana. Familia inayoielewa hesabu ya nafasi zilizopo huamua kwa utulivu. Isiyoielewa huamuliwa na wengine.

Hesabu ya viti

Wakati wa kiangazi kila klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 90. Ifikapo mwisho wa Agosti, kabla ya mechi za ligi kuanza, idadi hiyo lazima ishuke hadi 53. Kwa ligi nzima maana yake ni kwamba wachezaji wanaofikia 2,880 hupunguzwa hadi 1,696. Takriban watu 1,184 huondoka katika vikosi hivyo, wengi wao kwa siku moja au mbili.

Asiyeteuliwa hashindani na wageni wenzake peke yao. Sehemu kubwa ya viti 53 huwa tayari ina wenyewe: wachezaji waliokuwapo msimu uliopita na ambao mikataba yao inaendelea. Kisha wapo walioteuliwa mwaka huo. Klabu imetumia haki yake ya uteuzi na fedha kuwapata, kwa hiyo huwavumilia zaidi wanapokosea. Asiyeteuliwa hugombea viti vinavyobaki baada ya makundi hayo mawili.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usio takwimu ya klabu yoyote. Klabu imewasajili vijana 15 wasioteuliwa na ina viti viwili vilivyo wazi kwa kweli. Hata kama viti vyote viwili vitakwenda kwao, vijana 13 watafungasha mizigo. Hao 13 si wabovu. Wamezidiwa na uchache wa viti.

Ukweli unaopotosha

Familia nyingi huambiwa: "Wachezaji wengi wa NFL hawakuteuliwa, basi hata mwanao ataweza." Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ina ukweli, kwa kuwa vikosi vya ligi hiyo vina wachezaji wengi walioingia kwa njia hii. Kosa limo katika "basi".

Turudi kwenye mfano wetu. Kila mwaka wanaingia 15 na wanabaki wawili. Tuseme kila anayebaki anacheza miaka mitano. Baada ya miaka mitano klabu hiyo itakuwa na wachezaji kumi wasioteuliwa kati ya 53, karibu mmoja kwa kila watano. Mtazamaji atasema njia hii ni pana. Lakini kila mwaka, vijana 13 kati ya 15 walirudishwa nyumbani. Kuwahesabu waliomo kikosini leo ni sawa na kuwahesabu waliovuka mto kwa kuwatazama walio ng'ambo tu.

Majina mashuhuri nayo husimuliwa kwa namna hiyohiyo. Kurt Warner hakuteuliwa mwaka 1994, na klabu ya Green Bay Packers ilimwacha kabla ya msimu kuanza. Alifanya kazi ya kupanga bidhaa katika rafu za duka la vyakula, akacheza katika ligi ya ndani ya ukumbi, kisha Ulaya, ndipo katika msimu wa 1999 akaiongoza St. Louis Rams kutwaa ubingwa wa Super Bowl. Ni habari ya kweli na ya kutia moyo. Lakini kati ya 1994 na 1999 ni miaka mitano. Swali ambalo familia inapaswa kujiuliza ni hili: iwapo mambo yatakwenda vizuri kama yalivyomwendea yeye, miaka hiyo ya kungoja italipiwa na nani?

Mkataba unaahidi nini

Mkataba wa asiyeteuliwa huwa wa miaka mitatu. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mchezaji mpya kilikuwa dola 840,000 kwa msimu. Ukizidisha kwa miaka mitatu utapata jumla inayopendeza macho, na wapo watakaokuzidishia. Lakini mshahara huo hulipwa kidogokidogo katika wiki 18 za msimu wa ligi, na hulipwa kwa aliyemo kikosini. Anayeachwa mwezi Agosti hapati chochote katika dola hizo 840,000, isipokuwa sehemu ambayo mkataba wake umeitaja kuwa imedhaminiwa.

Kwa hiyo, katika kurasa za mkataba tafuteni kwanza mambo matatu. La kwanza ni fedha ya kutia saini. Ligi imeweka ukomo wa jumla ambayo klabu inaweza kuwapa wasioteuliwa wake wote, hivyo mara nyingi fedha hiyo huwa ndogo. La pili ni kiasi cha mshahara kilichodhaminiwa, kama kipo. La tatu ni kifungu cha majeraha. Baadhi ya mikataba hupunguza mshahara iwapo mchezaji atawekwa katika orodha ya majeruhi.

Kuachwa mwezi Agosti si lazima kuwe mwisho. Klabu nyingine hupewa takriban siku moja kumdai mchezaji mpya aliyeachwa. Anayedaiwa huhamia huko pamoja na mkataba wake. Asiyedaiwa huwa huru, na anaweza kuchukuliwa katika kikosi cha mazoezi, ambacho kina nafasi 16 kwa kila klabu. Mwaka 2025 malipo ya mchezaji mpya katika kikosi hicho yalikuwa dola 13,000 kwa wiki. Anayekaa humo wiki zote 18 hupata dola 234,000. Ni kipato kizuri sana, ila kinaweza kukatizwa wiki yoyote.

Kuna pia vijana wanaoalikwa kwa majaribio ya siku chache bila mkataba wowote. Mwaliko huo si usajili, wala haupaswi kutangazwa kuwa usajili. Wahenga walituasa tusikate kanzu kabla ya mwana kuzaliwa. Gari la mkopo, nyumba ya wazazi na harusi kubwa vingoje walau malipo ya kwanza ya msimu.

Mambo yanayoongeza nafasi

Asiyeteuliwa ana faida moja ambayo aliyeteuliwa raundi ya mwisho hana: zikimpigia simu klabu zaidi ya moja, yeye ndiye anayechagua. Saa hizo chache baada ya uteuzi zina uzito kuliko wiki nyingi za mazoezi. Tunashauri jibu lisitolewe kwa kuvutiwa na umaarufu wa klabu. Ulizeni: katika nafasi anayocheza kijana wetu, ni wachezaji wangapi wana mikataba? Mmeteua wangapi mwaka huu kwa nafasi hiyohiyo? Mnawasajili wangapi wengine wasioteuliwa? Na mnadhamini kiasi gani? Swali la mwisho ndilo hufichua mengi, kwani klabu iliyoweka fedha zaidi huwa na sababu zaidi ya kumngoja kijana akomae.

Jambo jingine ni vikosi maalumu, yaani vile vinavyoingia uwanjani wakati mpira unapopigwa teke au kupokelewa. Mchezaji wa akiba asiye na kazi huko ni vigumu kumtengea kiti. Aliye hodari wa kukimbia na kukaba katika vikosi hivyo huwapa makocha sababu ya kumbakiza hata kama hajawa tayari kwa nafasi yake kuu.

Malcolm Butler alialikwa na New England Patriots kwa majaribio tu mwaka 2014, akapewa mkataba, akabaki kikosini, na Februari 2015 akanasa pasi iliyoamua Super Bowl katika sekunde za mwisho. Kutoka Afrika Mashariki, Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alitia saini na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupita katika uteuzi. Alianzia kikosi cha mazoezi, kisha akapandishwa kikosi kikuu msimu huohuo. Njia ipo, lakini ni nyembamba.

Hapa tunatoa tahadhari. Tangu 2024 kila klabu inaweza kuwa na nafasi ya ziada katika kikosi cha mazoezi kwa mchezaji wa kimataifa. Nafasi hiyo inakusudiwa raia wa nchi nyingine ambao makazi yao makuu yako nje ya Marekani na Kanada. Kijana aliyekulia na kusoma hapa haipati kwa sababu tu wazazi wake wana pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo. Anayewauzia "mpango wa kimataifa" kwa msingi huo asilipwe.

Wakala na malipo yake

Wakala wa mchezaji wa NFL lazima awe ameidhinishwa na chama cha wachezaji, NFLPA, ambacho kina orodha iliyo wazi kwa umma. Malipo yake hayaruhusiwi kuzidi asilimia 3 ya kipato alichojadili kwa niaba ya mchezaji, na hapaswi kulipwa kabla mchezaji mwenyewe hajalipwa. Asilimia 3 ya dola 840,000 ni dola 25,200. Asilimia 3 ya fedha ya kutia saini ya dola 5,000 ni dola 150. Wakala mwaminifu anajua kwamba huenda kazi yake kwa asiyeteuliwa isimlipe. Anayedai ada ya kujiandikisha, "dhamana ya nafasi" au malipo ya kumkutanisha kijana na makocha anataka kujilipa kutoka mifukoni mwenu.

Baadhi ya mawakala hulipia mazoezi, chakula na malazi kabla ya uteuzi. Ulizeni kwa maandishi: hii ni zawadi au mkopo? Ikiwa ni mkopo, utarejeshwaje iwapo kijana hatabaki kikosini?

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2004 kuhusu mawakala wa wanamichezo inamkataza wakala kumshawishi mwanafunzi kwa habari za uongo au ahadi za kupotosha. Inamtaka pia ampe onyo la maandishi kwamba kutia saini kunaweza kumwondolea haki ya kuichezea timu ya chuo, na chuo kiarifiwe ndani ya saa 72 au kabla ya mechi inayofuata, lolote litakalotangulia. Tume ya Biashara ya Shirikisho ndiyo inayoisimamia, na mwanasheria mkuu wa jimbo anaweza pia kufungua kesi. Majimbo mengi yana sheria zao zinazompa mwanafunzi siku 14 za kuufuta mkataba na wakala. Ulizeni sheria ya jimbo lenu kabla siku hizo hazijapita.

Kabla ya kutia saini

1. Hakikisheni jina la wakala limo katika orodha ya chama cha wachezaji.

2. Ombeni nakala kamili ya mkataba, na mpeni mwanasheria asiye na uhusiano na wakala wala klabu. Asiyesoma Kiingereza vizuri aombe mkalimani. Kuomba mkalimani si aibu.

3. Andikeni kwenye karatasi moja kiasi ambacho kijana atakuwa nacho akiachwa Agosti. Hicho ndicho kiasi cha kupangia maisha.

4. Uliza chuoni, kwa maandishi, kama kijana anaweza kurudi kumaliza shahada, na kama ufadhili utaendelea.

5. Msitie saini mkopo wowote unaotegemea mshahara ujao.

6. Wekeni muda wa jaribio hili, mwaka mmoja au miwili, na mkubaliane mapema mtafanya nini muda huo ukiisha.

Pensheni ya NFL humhitaji mchezaji awe na misimu mitatu inayohesabiwa. Wengi wanaoingia kwa njia hii huondoka kabla ya hapo, na maisha yao marefu zaidi ya kazi yatakuwa nje ya uwanja. Hatuwaandikii ili kijana akate tamaa. Simu ikija, aipokee, na akajitahidi kwa nguvu zake zote. Kazi ya familia ni kuhakikisha kwamba siku ile ya Agosti, akibaki au akiachwa, atarudi nyumbani akiwa hana deni, ana mahali pa kusoma, na jina lake halijatiwa katika karatasi asiyoielewa.