Mashine ya santuri: sababu gani bei inapanda hivi?

Wazee wengi wangali wanachunga santuri za vinili za Franco ao za Tabu Ley, lakini mashine ya kuzipiga njo shida. Zile mpya za hali ya juu zinauzwa kwa maelfu ya dola. Sababu gani?

Jibu liko kwenye sindano. Juu ya santuri kuna mfereji mwembamba unaozunguka toka pembeni kuelekea katikati. Sindano ikipita humo inatikisika, na ule mtikisiko mdogo sana unageuzwa kuwa umeme, kiisha sauti. Lakini sindano haichagui. Motere ikitetemeka, ao mtu akitembea kwa kishindo, nayo inaingia katika muziki.

Kwa hiyo wanaotengeneza mashine hizi wanapigana na mtetemo. Linn Sondek LP12, inayotengenezwa Scotland tangu miaka ya 1970, inaweka mkono wa sindano na sahani nzito inayobeba santuri juu ya resori tatu. Motere iko pembeni, inazungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Technics ya Japani ilishika njia ingine: motere iko chini ya sahani yenyewe, inazunguka polepole kwa mwendo uleule wa santuri, mara 33 na theluthi ao 45 kwa dakika.

Kinachohusu kila mwenye santuri ni uzito wa sindano. Kwenye mashine nzuri unarekebishwa, mara nyingi karibu gramu 2. Sindano nzito kupita kiasi, ao iliyochakaa, inakwangua mfereji, na sauti iliyokwanguliwa hairudi tena. Mbele ya kupiga santuri ya zamani, angalieni sindano kwanza.