Kamera Baharini: Roho Kwanza

Vijana wetu wa Maskati wapigao mbizi katika visiwa vya Daymaniyat hupenda kurudi na picha za kasa. Tunawausia haya. Baadhi ya kamera ndogo za GoPro za siku hizi, zikiwa tupu, huhimili mita 10. Zaidi ya hapo zitiwe katika kasha lake. Ukaguliwe mpira wa mlango wa kasha, kwani unywele mmoja hupitisha maji. Kisha kamera ifungwe kwa kamba fupi kwenye pete ya koti la kuzamia, si kwenye bomba la hewa. Ikiponyoka na kuelea juu, mtu asiifukuze: apandaye kwa kasi huku amezuia pumzi huweza kupasuka mapafu. Kamera hununuliwa, roho ni amana ya Mwenyezi Mungu.